Prison Break msimu wa nne: nani yuko upande wa nani?

Kuna maswali matatu yasiyoisha vijiweni Mtwara mjini, iwe Magomeni, Chikongola au pale stendi wanapojaza muvi kwenye flashi. La kwanza: Daktari Sara si alikatwa kichwa, amerudije? La pili: yule jamaa wa serikali, Don Self, ni mtu mwema au adui? La tatu: huyu mama wa Miami katokea wapi, na kama kweli amemzaa Michael, mbona anamfanyia hivi? Yote matatu yanatoka kwenye msimu wa nne wa Prison Break, na majibu ya kijiweni huzidisha mkorogo, maana anayejibu ama aliruka epsodi kadhaa, ama alitazama ile iliyotafsiriwa na DJ ambaye naye alikuwa anakisia.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa kanuni zake mapema. Kuna steringi, kuna adui, kuna mshkaji wa steringi ambaye ukimwona anaonyesha picha ya mchumba wake ujue hafiki mwisho. Na juu ya yote, steringi hafi. Msimu wa kwanza wa sizoni hii, ulioanza kurushwa na kituo cha Fox cha Marekani tarehe 29 Agosti 2005, unazitii kanuni hizo kiasi cha kutosha. Lincoln Burrows amesingiziwa kumuua kaka wa Makamu wa Rais na anasubiri kunyongwa kwa umeme. Mdogo wake Michael Scofield, mhandisi, anajichora ramani ya gereza mwilini, anafanya ujambazi kusudi afungwe, kisha anamtoa. Hata mtoto wa darasa la tano anajua amshangilie nani. Msimu wa nne unachukua kanuni hizo na kuzitupa baharini, na ndiyo maana wengi waliishia njiani.

Kama hujauona na unapanga kuuona, acha hapa. Nitataja anayekufa na anayeuza wenzake.

Njia ninayoiona nyepesi kuliko zote ni hii: usimfuate mtu, kifuate kitu. Kitu chenyewe kinaitwa Scylla. Ukijua wakati wowote Scylla iko mikononi mwa nani, utajua adui wa epsodi hiyo ni nani na kikosi kimegawanyikaje. Ukianza kumfuata mtu, kwa mfano Self au Gretchen, utachanganyikiwa kabla ya epsodi ya kumi na tatu.

Scylla ni hazina ya siri ya lile genge kubwa linaloitwa Kampuni, lililokuwa nyuma ya kesi ya Lincoln tangu mwanzo. Kwa muda mrefu kikosi cha Michael kinaamini ni daftari la majina na madhambi ya Kampuni, kwamba atakayelipata ataiangusha. Baadaye inagundulika kuna zaidi ya hapo: teknolojia, ikiwemo ya nishati, yenye thamani ambayo nchi nzima zinaweza kupigania. Kuifungua kunahitaji kadi sita, kila moja imo mfukoni mwa mkubwa mmoja. Fikiria ghala la korosho la chama cha msingi lenye kufuli sita, kila mjumbe anatembea na ufunguo wake, na hakuna anayeweza kulifungua peke yake hata awe mwenyekiti. Wizi wa ghala la namna hiyo si kazi ya kuvunja mlango. Unahitaji kuwasogelea watu sita mmoja mmoja, uwaibie bila wao kujua. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya msimu wa nne, na kwa maoni yangu ndiyo nusu tamu.

Mwanzoni kadi zote ziko kwa Kampuni, chini ya Jenerali Jonathan Krantz, anayeigizwa na Leon Russom. Huyu mzee si mgeni. Alionekana tangu msimu wa pili kama yule bwana asiyeongea, anayeandika amri kwenye karatasi na kuwaonyesha watu wake. Msimu wa nne unampa sauti na cheo. Mkono wake wa kulia ni Wyatt, muuaji mtulivu anayeigizwa na Cress Williams, na Wyatt ndiye anayefungua uwanja: ndani ya epsodi ya kwanza anampiga risasi James Whistler, yule mtu ambaye msimu mzima wa tatu ulikuwa juu ya kumtoa gerezani. Watazamaji wengi hapo ndipo walipoanza kuona wamechezewa. Mtu amekufa kabla hujakaa vizuri kwenye benchi.

Hapa inabidi nitoke kidogo nje ya hadithi, kwa sababu mafundo mengi ya msimu huu yalifungwa nje ya kamera. Novemba 2007 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, na mgomo ukadumu hadi Februari 2008. Msimu wa tatu, ule wa gereza la Sona kule Panama, ukakatika kwenye epsodi ya 13 badala ya 22 kama iliyotangulia. Waliporudi kazini waliamua kuanza upya Los Angeles. Ndiyo maana Sucre, Bellick na T-Bag, tuliowaacha Panama, wanatokea tu Marekani, na tunachopewa ni maneno: Sona imeungua, wametoroka. Hakuna picha, hakuna maelezo. Ukiwa na flashi uliyojaziwa, utadhani kuna epsodi imerukwa na utarudi kumgombeza kijana wa watu bure.

Swali la Sara nalo liko hapo hapo. Sarah Wayne Callies, anayemwigiza Daktari Sara Tancredi, mpenzi wa Michael, alikuwa mjamzito mwaka 2007, na mazungumzo ya mkataba wake kwa msimu wa tatu hayakufika mwafaka. Waandishi wakamwondoa kwa njia ya kikatili: Lincoln anafungua boksi na kukuta kichwa. Mashabiki wakapiga kelele kweli kweli. Kwa msimu wa nne makubaliano yakapatikana, na waandishi wakatumia mwanya waliokuwa nao, kwamba kichwa kile hakikuonyeshwa kwa namna ya kuthibitisha kuwa ni chake. Kilikuwa cha mwanamke mwingine. Sara alitoroka mikononi mwa Gretchen, wakala wa Kampuni, akiwa na makovu mgongoni. Ni ufufuo wa kulazimisha, sitaki kuuremba. Lakini Callies analeta kitu ambacho msimu wa tatu ulikikosa: mtu mzima anayemwambia Michael ukweli anapoanza kujiona nabii.

Sasa kikosi chenyewe. Don Self, anayeigizwa na Michael Rapaport, ni wakala wa Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Anawapa wafungwa chaguo: rudini gerezani miaka yote iliyobaki, au nileteeni Scylla na mtafutiwa mashtaka. Wanakubali, wanaishi kwenye ghala kando ya bandari. Humo kuna Michael (Wentworth Miller), Lincoln (Dominic Purcell), Sara, Fernando Sucre (Amaury Nolasco), Brad Bellick (Wade Williams), Alexander Mahone (William Fichtner) na kijana mdukuzi Roland Glenn (James Hiroyuki Liao), mwenye kifaa cha kunakili kadi mtu akisogea karibu na mwenye nayo. Roland ni yule mtu wa kila kikundi anayedhani hathaminiwi. Tamaa inamponza, anapoteza kifaa akicheza kamari Las Vegas, kisha anaongea na Wyatt akidhani atalipwa. Analipwa kwa risasi.

Bellick na Mahone wanahitaji nafasi zaidi, maana bila kuwaelewa hao wawili msimu huu unabaki kuwa wizi wa kadi tu.

Bellick ndiye aliyekuwa mkuu wa walinzi wa Fox River, gereza la msimu wa kwanza. Msimu wa kwanza tulimchukia kwa moyo mmoja: mpenda rushwa, mnyanyasaji, mtu mzima anayeishi na mama yake. Msimu wa pili kazi imemtoka, wa tatu amekuwa mfungwa anayedekishwa. Msimu wa nne wanamweka upande mmoja na watu aliowapiga virungu, na Williams anamwigiza kama mtu anayejua kuwa hakuna aliyemsamehe na hana hakika kama anastahili. Njia ya kuingia makao makuu ya Kampuni inapita kwenye bomba kuu la maji. Inabidi wapitishe bomba jembamba katikati yake, maji yakiwa yanakaribia kufunguliwa, na linakwama. Lazima mtu ashuke alinyanyue kutoka ndani, na atakayeshuka hatoki. Bellick anashuka. Hakuna hotuba ndefu. Anayelia zaidi ni Sucre, ambaye zamani alikuwa chini ya kirungu chake.

Mahone ndiye mhusika bora wa sizoni nzima baada ya msimu wa kwanza, na niko tayari kubishana na yeyote hapo. Fichtner aliingia msimu wa pili kama afisa wa FBI anayewasaka watoro, mwenye akili sawa na ya Michael, anayeficha vidonge ndani ya kalamu. Aliua kwa amri ya Kampuni kwa sababu Kampuni ilijua siri yake. Mwanzoni mwa msimu wa nne Wyatt anamuua mwanawe mdogo, Cameron. Kuanzia hapo Mahone hatafuti msamaha wa serikali, anamtafuta Wyatt. Wanapomkamata, hamuui haraka. Anamlazimisha ampigie simu mama wa mtoto na kuomba radhi. Kisha anamfunga kwenye tofali zito na kumsukuma majini. Kwa kanuni za kibanda hapo ndipo watu husimama na kushangilia. Mimi sikushangilia. Uso wa Fichtner unaonyesha mtu ambaye amemaliza kazi na mtoto wake bado amekufa.

Turudi kwa Scylla. Kadi tano zimenakiliwa, ya sita ni ya Jenerali mwenyewe, na njia ya chini kwa chini ya kuingilia makao yenyewe inaanzia kwenye ofisi ya mauzo iitwayo GATE. Ndani ya ofisi hiyo tayari kuna mtu: Theodore Bagwell, T-Bag, akiwa amevaa suti na jina la bandia la Cole Pfeiffer. Jina hilo lilitayarishwa na marehemu Whistler, na T-Bag alilipata kupitia kitabu cha Whistler cha kutambua ndege wa porini, chenye alama za njia ya kuingilia. Robert Knepper amemwigiza mtu mchafu kuliko wote katika sizoni, na bado hapa anafanya jambo la ajabu: T-Bag anaipenda kazi. Anawatuliza wateja, anasifiwa na bosi, na kwa muda mfupi unamwona anavyojiuliza kama angeweza kuwa Cole moja kwa moja. Hawezi. Lakini kule kujiuliza ndiko kunakomfanya awe mtu na si zimwi.

Pamoja naye yuko Gretchen Morgan (Jodi Lyn O'Keefe), aliyekuwa askari wa Jenerali, akateswa naye baada ya kushindwa kazi, na sasa anataka Scylla ili amwangushe au ajitajirishe, lolote litakalotangulia. Ana binti, Emily, anayelelewa na dada yake Rita. Gretchen haaminiki hata dakika moja, ila hadanganyi kuhusu hilo, na mara nyingine katika msimu huu ni nafuu kumwamini adui anayejitangaza.

Michael anaiba Scylla kutoka chini ya miguu ya Jenerali. Epsodi inaonekana kama mwisho wa sizoni: wamefaulu, Self anapokea, watu wanasubiri karatasi zao za uhuru. Self anaondoka nayo. Hakuna msamaha, hakukuwahi kuwa na mpango wa msamaha kwa upande wake. Anataka kuiuza. Ndilo jibu la swali la pili: Self alikuwa wakala wa kweli wa serikali, kazi yao ilikuwa ya kweli, na ni msaliti. Yote matatu kwa pamoja. Rapaport alilalamikiwa na baadhi ya mashabiki kwamba anaongea ovyo ovyo na hafanani na wakala. Nadhani ndiyo sababu usaliti wake unauma. Alifanana na ofisa wa kawaida aliyechoka, anayekuahidi faili lako liko mezani.

Kuanzia hapo mambo yanageuka haraka, na nitayapita haraka vile vile. Michael alikuwa amechomoa kipande kidogo cha Scylla, kwa hiyo Self ana mzigo usiokamilika na lazima awarudie. Anaungana na Gretchen na T-Bag kutafuta mnunuzi. Wakati huo Michael anatokwa damu puani, ana uvimbe kwenye ubongo, na wenye madaktari wa kumpasua ni Kampuni. Lincoln anapiga magoti kwa mtu aliyetaka kumnyonga: nitakurudishia Scylla, mtibu mdogo wangu. Basi ghafla Lincoln, Self, Gretchen na T-Bag ni kikosi kimoja, wanamfanyia kazi Jenerali. Kijiweni hapa ndipo watu huzima televisheni. Ukikumbuka kufuata kitu badala ya mtu, hakuna utata: Scylla imepotea, Jenerali anaitaka, Lincoln anataka ndugu yake apone.

Na iko wapi? Miami, kwa Christina Rose Scofield.

Nje ya hadithi, mfululizo ulisimama Desemba 2008 na kurudi Aprili 2009, siku ya Ijumaa, ukiwa tayari umetangazwa kuwa unakwisha. Watazamaji walikuwa wamepungua. Waandishi walihitaji adui mkubwa kuliko Jenerali kwa epsodi chache zilizobaki, wakamfufua mama. Kathleen Quinlan, aliyewahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa Apollo 13, anamwigiza bila kupaza sauti hata mara moja. Christina aliaminika kufariki Michael akiwa mtoto. Kumbe alikuwa wakala wa Kampuni, akajitenga nayo, na sasa anaisaka bei ya Scylla kwa kupanga mauaji ya mtoto wa Waziri Mkuu wa India na kumbambikia Lincoln, ili mataifa yagombane na yeye auze. Akili ya Michael imetoka kwake. Ukatili hakuurithi.

Silaha yake kubwa kuliko bastola ni sentensi moja anayomwambia Michael: Lincoln si ndugu yako wa damu, tulimlea tu mimi na baba yako. Kwa Wamarekani hilo lilikuwa pigo la mapenzi ya kindugu, basi. Huku kwetu kusini lina uzito mwingine. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa desturi walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba lilizidi la baba. Kwa hesabu ya wazee hao, mama akishasema mtoto huyu hakutoka tumboni mwangu, Lincoln hana ukoo pale. Niliwahi kusikia mabishano makali juu ya jambo hilo kati ya watu wazima waliokuwa wanangoja boti ya Msangamkuu, na aliyekuwa anamtetea Christina alikuwa na hoja za kweli za kimila. Sizoni yenyewe inajibu kwa vitendo: Christina anampiga Lincoln risasi ili kumbana Michael, na Michael anahangaika kumwokoa kama zamani. Anayemuua Christina ni Sara.

Mikono ya mwisho kuishika Scylla si ya yeyote kati ya hao. Ni Paul Kellerman (Paul Adelstein), wakala muuaji wa msimu wa kwanza tuliyedhani amekufa. Anarudi epsodi ya mwisho akiwa na C-Note (Rockmond Dunbar), mmoja wa waliotoroka Fox River, na safari hii yuko na watu wa Umoja wa Mataifa. Scylla inakabidhiwa huko, watu wanafutiwa mashtaka. T-Bag hapati, anarudi Fox River. Jenerali anakalishwa kwenye kiti cha umeme, kama kile alichoandaliwa Lincoln. Self anaishia hospitalini, hajitambui.

Kisha skrini inaandika miaka minne baadaye, na tunamwona Sara na mtoto, baba mkubwa Lincoln akiwepo, kwenye kaburi la Michael. Steringi amekufa, na epsodi haisemi amekufaje. Hapa ndipo CD nyingi zilipotukosesha. Baada ya epsodi ya 22 kuna kipande cha ziada kiitwacho The Final Break, kilichotolewa kwa DVD mwaka 2009, chenye urefu wa epsodi mbili. Matukio yake yanakaa kabla ya ile picha ya kaburi. Sara anakamatwa siku ya harusi yake kwa kumuua Christina, anapelekwa gereza la wanawake ambako Gretchen naye yumo, Jenerali anatangaza zawadi kwa atakayemuua, na Michael anamtoa kwa kuunguza mfumo wa umeme wa mlango akiwa ameushika.

Mwaka 2017 wakarudi na msimu wa tano, epsodi tisa, kati ya Aprili na Mei. Huko Michael yuko hai katika gereza la Ogygia, Yemen, kwa jina la Kaniel Outis. Sehemu za Yemen zilipigwa Morocco. Adui ni Jacob Ness (Mark Feuerstein), mume mpya wa Sara, mwenye jina la siri la Poseidon, na T-Bag anagundua ana mtoto wa kiume. Mahone hayumo kabisa, kwa hiyo msimtafute.

Ukienda kujaza flashi, mwambie kijana akuwekee msimu wa nne wenye epsodi 24. Ukiwa na 22, The Final Break haimo. Akikuambia Final Break ni muvi tofauti, mwambie sawa, aiweke hiyo hiyo.